Mkeka Wangu Umechanikia kwenye Katuni

Betri ilikuwa asilimia 9, na waya wa chaja yangu ni wa kushikilia kwa kidole gumba, ukiuachia unakata. Nilikuwa kwenye mchezo wa simu, na bango, yaani dirisha la muda la kumvuta mhusika unayemtaka kwa bahati nasibu, lilikuwa limebakiza dakika kumi na mbili kufungwa. Nilishavuta mara sabini na kitu. Mara taa ya dhahabu ikawaka.

Wacheza gacha, hii michezo ya kuvuta wahusika kwa bahati nasibu, wanaijua ile taa. Kwa sekunde mbili tatu hakuna mtu mwenye furaha kukuzidi mtaani kwenu. Nikauachia waya ili nishike simu kwa mikono miwili. Akatokea mzee mwenye fimbo. Ninaye tayari, na tangu nimpate sijawahi kumtumia hata siku moja. Simu ikazima.

Mchezo wenyewe sitautaja, maana hasira hazijaisha na sitaki kuupigia debe. Niseme tu kwamba umetokana na manga, yaani katuni za vitabu za Kijapani, ninayoipenda, na kwamba usiku ule ulinilia shilingi 38,000, ndani yake ikiwemo hela ya bando la mwezi mzima.

Kesho yake nikaenda kunyoa.

"Dogo, mbona umenuna hivyo? Umefiwa?"

Nikamsimulia. Kinyozi wangu ni mtu wa kubeti, hana Jumamosi isiyo na mkeka, kwa hiyo sikuhitaji kumfafanulia mengi. Alicheka mpaka akazima mashine.

"Yaani mkeka wako umechanikia kwenye katuni! Sasa mimi wangu ukitiki nalipwa hela. Wewe wako ukitiki unalipwa nini?"

"Picha, kaka."

"Picha."

Alilirudia hilo neno kama mara tatu huku akiendelea kuninyoa, na kila alipolirudia mashine ilipanda juu kidogo kuliko tulivyokubaliana.

Nusu amepatia. Nusu aliyoikosa ni kwamba huyo mhusika niliyemkosa nilikuwa nimeshamsubiri mara moja, kwenye karatasi. Katika manga anatajwa mapema kabisa, jina tu, halafu anapotea. Vitabu vinapita. Watu wanamnong'ona, wanamwogopa, mmoja analia aliposikia yuko hai. Alipotokea, nyuma tu, mgongo na koti, nilikifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Uchu huo mchoraji aliupanda ndani yangu kwa miaka, polepole, na mchezo wa simu ukaja siku ya mavuno ukauwekea bei.

Ndiyo maana siku hizi nikiwasha anime (katuni ya runinga ya Kijapani) iliyotolewa kwenye manga, au nikifungua gacha, swali langu ni moja: huyu ananisubirisha ili iweje?

Jina la gacha limetoka kwenye mashine za madukani kule Japani. Unatumbukiza sarafu, unazungusha kishikio, kinalia gacha-gacha, kisha kiduara cha plastiki kinadondoka, pon. Ndani kuna kidude ambacho hukukichagua. Lakini mashine ile ina tumbo, na tumbo lina mwisho. Kila aliyezungusha kabla yako amekupunguzia takataka, na ukiwa mkaidi wa kutosha utavimaliza vyote na kile unachokitaka kitatoka tu. Ya kwenye simu haina tumbo. Ukivuta mara ya hamsini, mara arobaini na tisa zilizotangulia hazijaondoa takataka hata moja.

Chukua Genshin Impact, mchezo wa gacha uliotoka 2020, kwa kuwa viwango vyake viko wazi kwa kila mtu. Nafasi ya msingi ya kumpata mhusika wa nyota tano, yaani wa daraja la juu kabisa, ni asilimia 0.6 kwa kila mvuto, yaani sita kwa elfu. Ukifika mvuto wa 90 bila kitu, mchezo unakupa wa nyota tano kwa lazima, lakini hapo napo ni karibu kama kurusha shilingi: huenda akawa uliyemtaka, huenda akawa mwingine. Akiwa mwingine, unaanza upya, na safari hii anayekuja ni wako kwa uhakika. Mkosi ukikuandama mpaka mwisho ni mivuto 180, kila mmoja vito 160, ambavyo ndiyo hela ya humo ndani. Piga hesabu mwenyewe, mimi niliipiga mara moja na sitaki tena.

Wachezaji wengi duniani ule mvuto wa lazima wanauita huruma. Huruma gani ya kuilipia mara tisini? Wajapani wana neno la kweli zaidi: wanauita tenjo, yaani dari. Ndivyo ulivyo, unapanda na kupanda mpaka kichwa kinagonga. Na dari lenyewe halikuwepo tangu mwanzo. Katika Granblue Fantasy, mchezo mwingine wa gacha, mwanzoni mwa 2016, mchezaji mmoja alivuta hadharani mbele ya watazamaji akimtafuta mhusika mmoja tu, Andira, akatumia karibu yen 700,000 ndipo akampata. Kelele zilizozuka baada ya hapo ndizo zilizowafanya wenye mchezo waweke kikomo: ukishavuta mara 300, unamchukua unayemtaka. Fikiria kikomo cha 300 kupokelewa kama zawadi.

Miaka minne kabla ya hapo kulikuwa na kitu kibaya zaidi kilichoitwa kompu gacha. Ulitakiwa ukusanye seti nzima, tuseme vipande sita, ndipo upewe zawadi adimu. Vipande viwili vitatu vya kwanza vinakuja haraka, unajiona una bahati. Cha mwisho hakiji, kwa sababu kila unachovuta sasa ni marudio ya ulivyonavyo. Mei 2012 idara ya serikali ya Japani inayolinda walaji ilisema mpango huo unavunja sheria ya zawadi za biashara, na kampuni zikauondoa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba gacha ni kama mvua, inanyesha inavyotaka. Kuna mtu ameketi ofisini akapanga urefu wa subira yako.

Sasa nije kwenye anime, maana huko nako nimesubirishwa.

Naruto nilimtazama kwa flashi. Kulikuwa na jamaa wa kujaza movie aliyekuwa akitoza kwa idadi ya vipindi, na hakutaka kujua ndani yake kuna nini. Wanaomjua Naruto wameshaanza kucheka. Kuanzia kipindi cha 136 hadi cha 220, mwisho wa mfululizo wa kwanza, karibu vyote ni vya kujazia. Havimo kwenye manga ya Masashi Kishimoto. Sababu ni ya jikoni kabisa. Kishimoto alikuwa akipika sura moja kwa wiki, anime inakula mbili. Sahani ikawa tupu, na televisheni haitaki kusikia kwamba chakula hakijaiva, basi wakaleta maji ya moto wakaita mchuzi. Mimi nilinunua ule mchuzi kipindi kwa kipindi, kwa hela ya kifungua kinywa cha shule.

One Piece walichagua njia nyingine, ya kuvuta unga. Sura moja ya manga ikanyoshwa ikajaza kipindi kizima: mtu anashangaa, tunaonyeshwa uso wake, kisha uso wa jirani yake, kisha meli, kisha uso tena. Anime yenyewe ilikuwa ikitoka karibu kila wiki tangu 1999, na ni mwishoni mwa 2025 tu ndipo Toei, studio inayoitengeneza, walipotangaza kwamba kuanzia 2026 hawatazidisha vipindi 26 kwa mwaka. Robo karne kugundua kwamba mtu akipumzika anafanya kazi vizuri! Wengine walikata shauri wakaenda zao. Studio ya Bones mwaka 2003, Fullmetal Alchemist ikiwa bado inachorwa, waliitungia hadithi mwisho wao wenyewe, halafu 2009 wakarudi kuifuata manga ya Hiromu Arakawa mpaka mwisho. Mimi naipenda zaidi ya 2003. Nitukaneni, nimezoea.

Kosa la upande wa pili ndilo linaloniuma zaidi, la kutosubirisha kabisa. The Promised Neverland msimu wa kwanza, 2019, ulichukua sura 37 hivi ukazitandaza kwenye vipindi 12, na kila mlango uliofunguliwa katika lile jumba la watoto ulikukaba koo. Msimu wa pili, 2021, ukazibeba zile sura zaidi ya 140 zilizobaki ukazisukumia ndani ya vipindi 11. Sehemu ya Goldy Pond, ambayo kwa wasomaji wengi ndiyo moyo wa manga, haimo. Na mwisho kabisa wanakupitishia picha zilizogandishwa, hii hapa walifika huku, hii hapa walikutana na fulani, kama kuonyeshwa albamu ya harusi ambayo hukualikwa.

Aliyepatia ni Frieren. Manga imeandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe tangu 2020. Anime ya studio ya Madhouse, chini ya mwongozaji Keiichiro Saito, ilianza Septemba 2023. Hadithi inaanza pale ambapo nyingine huishia: mashujaa wanne wamemshinda Mfalme wa Mashetani, wamerudi, na usiku wanatazama vimondo ambavyo huonekana mara moja kila miaka 50. Frieren, ambaye ni mchawi aliyekwisha kuishi zaidi ya miaka elfu, anawaambia wenzake kwamba awamu ijayo atawapeleka mahali vinapoonekana vizuri zaidi. Anasema kama mtu anayesema tukutane Jumamosi. Anaondoka. Anaporudi, Himmel, yule kijana aliyekuwa akijiona mzuri kila apitapo kwenye kioo, ni mzee mfupi mwenye upara na ndevu nyeupe. Wanakwenda kuvitazama vimondo. Muda si mrefu anafariki, na mazikoni Frieren analia kwa sababu hakujishughulisha kumjua.

Kwenye manga yote hayo ni sura ya kwanza tu. Miaka 50 inapita ukigeuza kurasa chache. Anime haikuongeza tukio lolote kubwa. Iliongeza muda. Ile safari ya wazee kwenda kutazama vimondo unaisikia mwendo wake, nyayo, upepo, muziki wa Evan Call unaoingia bila kugonga hodi. Unasubiri pamoja nao, na hakuna aliyekuomba vito.

Siwezi kujifanya kwamba anime ni malaika na gacha ni shetani. Anime nyingi hulipiwa na kamati ya wenye mali, ambamo mchapishaji wa manga anaketi na televisheni, kampuni ya muziki, watengeneza midoli, na siku hizi wenye michezo ya simu. Mara nyingi mfuko ni mmoja. Uma Musume ni mfano mzuri: anime yake ilitoka 2018, mchezo wenyewe ukachelewa mpaka Februari 2021, kwa hiyo watu walipewa miaka karibu mitatu ya kuwapenda wale wasichana wenye masikio ya farasi kabla mashine haijawashwa. Na gacha imewafikia watu ambao hakuna mwingine aliyewahi kuwafikiria. Sijawahi kumiliki PlayStation. Ulimwengu mzima nilioupata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka niliupata bure, na ningekuwa mwongo kulificha hilo.

Ila kuna siku mchezo ule nisioutaja ulinionyesha, wakati unajifungua tu, sura ya mwisho ya shujaa wetu, umbo lake baada ya lile jambo, mimi nikiwa bado sijalifikia kwenye vitabu. Lilikuwa tangazo. Wiki hiyo alikuwa anauzwa. Hapo ndipo nilipouondoa.

Wiki iliyopita nimerudi kwa kinyozi na flashi mfukoni. Mechi zilikuwa zimekwisha, mkeka umechanikia timu ya mwisho, na runinga haikuwa na kazi. Nikamwekea Frieren kipindi cha kwanza, nikakaa kitini. Alianza kunyoa upande wa kushoto huku akisoma maandishi ya chini kwa sauti na kuyakejeli. Walipofika kwenye vimondo vya mara ya pili akanyamaza.

"Kaka, upande huu bado."

"Subiri kwanza, dogo," alisema, mashine imezimwa mkononi. "Huyu mzee ndiye yule kijana?"