Gari Langu Linakula, Tanga Nzima Ina Dawa

Ukitaka kujua Tanga ina mafundi wangapi, miliki gari kuukuu linalokula mafuta. Huna haja ya kuwatafuta. Egesha barazani pale Ngamiani, shuka na uso wa huzuni, agiza kahawa. Muuza kahawa mwenyewe fundi. Wacheza bao wote wawili mafundi, na wanabishana. Mzee mmoja ambaye tangu nimfahamu chombo chake ni baiskeli ya Phoenix, naye ana dawa, tena anaitoa kwa ukali, utadhani hayo mafuta yanatoka mfukoni mwake.

Langu ni mkonga. Land Cruiser ile ya uso wa boksi, bomba la kuvutia hewa limesimama ubavuni. Injini 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2. Haina turbo, haina kompyuta, haina maringo. Mafundi wanaipenda kwa sababu haifi, wakaifanyia kila walichokiota usiku. Wamiliki walionitangulia waliliuza wakicheka. Mimi nikadhani ni watu wa furaha.

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wa nishati nchini, wakitangaza bei kikomo ya mafuta, wenzangu husoma bei ya Tanga kwenye simu zao kimyakimya. Mimi nasomewa na mke wangu. Mezani, kwa sauti, watoto wakisikiliza. Akimaliza anauliza, "Na lile dude lako bado lipo?" Lipo, mama. Limeegeshwa pale dirishani unapolitazama.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko bei ni hili: kila mtu anajua gari langu linakula, hakuna anayejua linakula kiasi gani. Watu wanapima mafuta kwa hela. "Ukitia ya elfu hamsini unafika wapi?" Nikisema nafika Pangani na kurudi mshale ukiwa hoi, wanasikitika, wananiombea dua. Lakini yakhe, elfu hamsini ya mwezi huu si elfu hamsini ya mwezi ujao! Bei ikipanda, gari limeanza kula. Bei ikishuka, gari limepona. Kuna fundi amekula hela yangu kwa kulitibu gari mwezi ambao dizeli ilishuka bei, na mpaka leo anajisifu.

Nikasema basi, tupime. Jaza tangi pomoni, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Tembea wiki yako. Rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza tena pomoni, tazama zimeingia lita ngapi. Gawa kilomita kwa lita. Hesabu ya darasa la tano. Kijana wa sheli aliponiona natoa daftari akamwita meneja, akidhani nimetumwa na serikali. Ila siku hiyo, nakwambia, lita zilikuwa nono!

Jibu likaja: kilomita sita kwa lita. Baraza zima likashangilia, maana lilikuwa limesema.

Hapo ndipo nilipotazama matairi. Yule aliyeniuzia alilivalisha matairi ya porini, mapana, yenye vidole vya kutisha, makubwa kuliko yale lililozaliwa nayo. Tairi likiwa kubwa linazunguka mara chache kwa mwendo uleule, na mita ya kilomita yenyewe inahesabu mizunguko tu, haitazami nje dirishani. Mzingo ukizidi kwa asilimia 5, ukitembea kilomita 100 za kweli mita inakuandikia kama 95. Kwa hiyo sehemu ya huo ulafi ni uzushi! Gari linasafiri kilomita ambazo haliandikiwi. Nililieleza baraza jambo hili kwa utulivu, nikachora na duara mchangani. Mzee wa Phoenix akanitazama, akasema, "Sasa mwanangu, unataka EWURA wakurudishie?"

Ila siyatetei matairi yenyewe. Ni mazito, na vile vidole vinapigana na lami kutwa nzima. Kelele unayoisikia ukipita Kange ni dizeli hiyo. Na upepo! Kule ninakojaza upepo, kijana anapima kwa kupiga teke. Teke likirudi, tairi limejaa. Nikanunua kipimo changu mwenyewe, nikakuta matairi manne yana upepo wa aina nne, moja limelegea linakokotwa tu na wenzake. Kati ya dawa zote nilizopewa Tanga, hii ndiyo iliyokuwa karibu na bure, na ndiyo ambayo hakuna aliyeitaja.

Walizozitaja ni hizi. Sumaku: unaifunga kwenye bomba la mafuta, eti inayanyoosha mafuta kabla hayajaingia. Muuzaji anaziuza mkononi, pamoja na miwani ya kusomea. Wamarekani kwa shirika lao la mazingira, EPA, wamechunguza vifaa vya namna hii zaidi ya mia moja, na vilivyoleta nafuu yoyote ni vichache mno. Nikamwambia. Akajibu kwamba sumaku za kwao hazikuwa hizi.

Dawa ya pili, mafuta ya taa. Changanya na dizeli, ati inakuwa nyepesi inakwenda mbali. Huyu aliyenishauri amechelewa. Kuchakachua kulikuwa na faida zamani, mafuta ya taa yalipokuwa rahisi, mpaka mwaka 2011 serikali ilipoyapandishia ushuru na biashara ikafa. Isitoshe, pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipa mafuta ya taa inasagika kavukavu, na bei ya pampu ya 1HZ ukiisikia unaweza kukaa chini bila kuangalia kama pana kiti.

Tuje kwa fundi wangu. Simtaji. Ni mtu wa watu, anaswali, ana mikono ya dhahabu kwenye difu. Lakini alipofungua injini akacheka peke yake, akaniambia kwa fahari, "Themostati niliitoa zamani, bosi. Hii ni ya nchi za baridi. Tanga joto tunalo la bure."

Joto la bure! Themostati kazi yake ni kuyazuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla injini haijapata moto wake, karibu nyuzijoto 80. Ukiitoa, maji yanazunguka tangu unapowasha. Injini inakwenda toka Chumbageni mpaka Pongwe bado haijaamka. Oili nzito, dizeli haiungui vizuri, na wewe unakanyaga zaidi ili liende. Na si ajabu likachemka kwenye mlima ilhali barabarani lilikuwa baridi, maana injini hizi zina njia ya mkato ya maji. Themostati isipokuwepo ya kuiziba, maji mengine yanapita huko bila kuonana na rejeta.

Nikamwambia fundi: hebu tazama hapo Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka baharini kwetu, na bomba zima limewekewa mfumo wa kulipasha moto, kwa sababu mafuta ya kule yana nta, yakipoa yanaganda. Watu wamechimba nchi nzima kuyatunza mafuta yasipoe, wewe umenitolea kidude cha kuitunza injini yangu isipoe! Fundi akafikiri sana. Akauliza kama hao wa Chongoleani wanahitaji fundi.

Themostati mpya si ghali. Tukaweka. Asubuhi ile gari lilipofika Mabanda ya Papa mshale wa joto ulikuwa umekaa katikati, na mimi nikakaa wima, sijui kwa nini.

Moshi mweusi nao una habari yake. Huo moshi unaokuziba pua nyuma ya mkonga ni dizeli iliyolipiwa, ikapita injini nzima, ikatoka haijaungua sawasawa. Mtu mmoja huko nyuma aliikaza skrubu ya pampu ili gari lipate nguvu. Lilipata. Likapata na moshi, na mimi nikapata jina mtaani ambalo sitaliandika. Ukichanganya na eya klina iliyojaa vumbi jekundu la njia ya Amani, injini inameza dizeli nyingi na hewa kidogo. Eya klina tukabadilisha siku hiyohiyo. Pampu na nozeli nikazipeleka kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, si yule wa kusikiliza kwa sikio na bisibisi. Bei yake iliniuma, lakini alinirudishia na karatasi yenye namba, na katika maisha yangu ya ufundi wa Tanga sijawahi kupewa karatasi.

Kuhusu keria ya juu, nimeshindwa vita. Chuma kile kizito kinakata upepo saa zote, kiwe na mzigo kisiwe na mzigo. Mbele kuna bampa la kuzuia vifaru. Nyuma kuna jeki ya tani nyingi, mnyororo, ndoo ya mchanga ambayo hakuna anayejua ilipandaje. Nilivua vyote, ila keria mke wangu alikataa. Mama yake yuko Muheza. Msimu wa machungwa, mama mkwe hatoi machungwa kwa mfuko, anatoa kwa gunia, na gunia likikosa pa kukaa ni mimi niliyemkataa mama. Kwa hiyo keria ipo. Ipandishe kwenye hesabu ya mahari.

Breki ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeng'ang'ania. Fundi aligundua kwa kuishika ringi baada ya safari, akatoa neno ambalo mtu anayeswali hulisema mara moja kwa mwaka. Na gurudumu za mbele zilikuwa kwenye LOCK, yaani zimefungwa na ekseli, tangu mvua za masika, zinazungusha difu ya mbele bure. Ukizirudisha FREE unaokoa kidogo, si nyingi kama baraza linavyosema. Kubwa zaidi ni mpwa wangu, anayetia H4, gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, kwenye lami kavu ya Segera "ili lishike barabara". Limeshika, baba. Limeshika na gia boksi.

Sasa mwendo. Gari hili ukilitazama mbele ni kabati la nguo linalokimbia. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unalikaba mara nne. Kutoka 80 kwenda 110 unahisi umeongeza kidogo tu, kumbe tangi linalia. Nami nakiri kwamba walionifunza adabu hii ni askari wa tochi, wale wa kupima mwendo barabarani. Vibao vya 50 kila kijiji, tochi nyuma ya kila mwembe. Mtu unatembea kwa heshima kutoka Muheza mpaka Tanga mjini, unafika umechelewa, umejaa hasira, na tangi limejaa vilevile.

Shemeji yangu yeye ana falsafa yake: mteremko, piga free. Tulikuwa tunashuka Lushoto kuja Mombo, zile kona za Soni ambazo dereva wa basi mwenyewe huzipitia kwa bismillahi, yeye ananihimiza, "Toa gia shemeji, linateleza bure!" Bure gani? Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa, pampu inakata dizeli, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inabidi ile dizeli ili isizime, na breki zinabeba tani mbili na zaidi peke yake. Nikamwambia ashuke ateleze yeye.

Na hakuna anayehesabu kuaga. Sisi watu wa Tanga hatuagi, tunaanza mazungumzo mapya mlangoni. Tunatajwa kwa msemo wa waja leo waondoka leo, mimi bado namtafuta huyo aliyeondoka leo. Mke wangu akisema "haya, twende", mimi nawasha gari. Hapo ndipo mwenyeji anapokumbuka habari ya msiba wa Korogwe. Injini ya lita 4.2 ikinguruma pasipo kwenda inakula kama lita moja kwa saa, na zipo ziara za Makorora ambazo lita hiyo iliisha mlangoni. Siku hizi siwashi mpaka nione miguu yote iko ndani na mlango umebanwa.

Basi nikapima tena, na safari hii nikazihesabia tairi haki yake. Kilomita nane kwa lita. Kwa mkonga wa umri huu, wenye keria ya mama mkwe, nane ni cheo. Furaha ikanizidi, nikaenda nalo barazani nikatangaza.

Tangu siku hiyo sina gari. "Si umesema halili tena?" Harusi ya Pangani, mkonga. Mgonjwa wa hospitali ya Bombo, mkonga, huyo sawa, siwezi kusema kitu. Lakini mbao za mtu, mkonga! Mbuzi wa akika! Mzee wa Phoenix kapandisha baiskeli kwenye keria apelekwe Mwambani, kwa hoja kwamba nilikuwa naelekea huko. Gari linakula kidogo kwa kilomita, na kilomita zimekuwa nyingi kuliko zamani. Hela ninayoiacha sheli kila mwezi imepanda.

Mke wangu kaitazama daftari yangu, kaifunga, kasema dada yake anahamia nyumba mpya Ijumaa. Nimempigia fundi. Nimemwomba aipe ile skrubu ya pampu nusu mzunguko, si zaidi, moshi uonekane kutoka barazani. Kasema anakuja, ila hana usafiri, nimfuate.