Patroni wa Siku ya Posho

Hapa Lubumbashi kila mwenye mshahara ana shamba. Muulize liko wapi, atakuonyesha kwa kidevu: kule, barabara ya Kasenga. Na shambani kuna nyumba ya matofali ya zamani, aliyoachiwa na marehemu baba mdogo au aliyouziwa na mtu aliyechoka nayo. Ina kuta nne, mlango mmoja na popo. Siku ya Posho, yaani Jumamosi, patroni, bosi mwenyewe, anashuka kwenye mutoka, gari lake, na viatu vya ofisini, anashika kiuno, anatoa amri yake ya kwanza: "Leteni simenti."

Jamani, nani aliyewaroga watu wa mji na simenti?

Tofali la zamani linavuta maji kutoka chini, na jua likiwaka linayatoa polepole ukutani. Ndivyo lilivyoishi miaka yote. Ukilivalisha simenti, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, chumvi inajazana nyuma ya plasta, na kabla ya majira ya pili ya mvua kuisha plasta inadondoka vipande vizima, uso wa tofali umeng'ang'ania nyuma yake. Patroni anatazama, anatingisha kichwa, anasema fundi ameiba mifuko. Fundi, mzee wa kijiji ambaye nywele zake zilipata mvi akijenga, anajibu kwa heshima zote: "Papa, hii simenti haiko dawa ya hii nyumba."

Dawa ni chokaa, na haiko mbali: migodi inainunua kwa tani kwa kazi ya shaba. Bandua simenti yote, chimba mtaro kuzunguka nyumba, uteremke kuelekea mbali na ukuta. Chokaa mbichi, iliyochomwa na isiyoonja maji bado, unaitia ndani ya maji kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa inachemka ghafla na kukurukia usoni, kwa hiyo vaa miwani, na watoto wakae mbali. Iache majuma kadhaa chini ya maji, izidi kulainika. (Patroni anauliza kama haiwezekani iwe tayari leo jioni. Haiwezekani, Papa.) Halafu pima sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Na mchanga nao upimwe: weka ndani ya chupa na maji, tikisa, acha utulie; tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi, osha mchanga wote. Lowesha ukuta, paka tabaka zisizozidi sentimita 1, kisha tundika magunia yenye maji juu yake. Upepo wa kiangazi ukikausha chokaa kwa siku moja, inapasuka ramani nzima ya Katanga.

Matofali mapya hutoka kwenye kichuguu, na hapo patroni anaona amepata cha bure. Udongo wa kichuguu ni mzuri kweli, unashikana. Lakini vichuguu vikubwa vya huku vina vipunje vyeupe vya mawe ya chokaa tumboni. Ukivichoma ndani ya tofali vinageuka chokaa mbichi. Mvua ikija vinavimba, na tofali linatoa macho, pa! pa!, usiku kucha. Kwa hiyo chekecha udongo, vipunje vikubwa vitupe, vidogo vipondeponde. Kausha matofali kivulini, yafunike majani, maana tofali lenye maji linapasuka tanuruni. Yakishachomwa, zamisha kila moja kwenye pipa la maji mpaka povu liishe. Litakalopasuka, lipasuke hapo, si juu ya kichwa cha mgeni.

Paa: misumari inapigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, na bati la juu lilifunike la chini kwa sentimita 20. Basi. Patroni anapiga picha ya paa, anaituma kwa marafiki wote, na mchwa wanaanza kupanda nguzo.

Mchwa hawana haraka wala hawadai mshahara, na nguzo ya mbao laini wanaimaliza ndani bila kugusa rangi ya nje. Nguzo ziwe za mubanga, mti mgumu wa pori la huku. Msingi uinuke angalau sentimita 30 kutoka ardhini, juu yake ulale utepe wa bati uliokunjwa ukingo kuelekea chini, wakijenga njia yao ya udongo uione na kuibomoa. Kuni zisipangwe ukutani. Hili la mwisho wanalijua mama wote wa kijiji, ila patroni anasema kuni pale "zinapendeza".

Sasa kisima. Mtu wa mji anachimba mwezi wa tatu, maji yanajaa, anashangilia. Mwezi wa tisa anateremsha ndoo inarudi na vumbi. Chimba mwezi wa tisa au wa kumi, maji yakiwa chini kabisa, kisha ongeza mita nyingine. Choo kiwe mita 30 kutoka hapo, na kiwe upande wa chini wa mteremko, si upande wa juu ya kisima. Halafu usiweke kufuli kisimani! Wengi wanaweka, wanarudi Lubumbashi wakijiona wajanja. Mwezi wa sita hadi wa tisa pori linawaka, mwindaji wa panya akiwasha nyasi moto hauulizi mwenye shamba ni nani, na ukanda wa mita 5 uliofyekwa hautoshi kama hakuna mtu wa kuuzima. Mama anayechota maji kwako asubuhi na jioni ndiye wa kwanza kuona moshi. Atapiga kelele, vijana watatoka na matawi mabichi, nyumba itabaki. Kufuli haipigi kelele.

Na wafanyakazi wale vizuri. Patroni analeta biskuti! Mtu aliyebeba matofali tangu alfajiri anataka bukari, ndiyo ugali, na matembele, na munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ya kushushia. Akila nao kwenye sinia moja, ataambiwa mambo ambayo hayamo kwenye hati yoyote ya uuzaji: mpaka halisi uko wapi, maji ya mvua hupita wapi, na nani wa kusalimiwa kabla ya shefu, mkuu wa kijiji.

Tatizo ni kwamba ugonjwa huu wa shamba unaambukiza. Mtu wa kusaini karatasi siku tano anaanza kuzungumza habari za mchanga kwenye baa ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mke anauliza ada ya shule, anajibiwa habari ya magunia yenye maji. Kijijini wameacha kumwita patroni, sasa ni Papa wa kisima, naye anajifanya hajasikia ili arudiwe. Na mutoka hairudi tena mjini tupu: makala ya kupikia (makaa), mihogo, kuku wawili, bibi anayekwenda kwa mwanawe mtaa wa Katuba, na mzee mmoja ambaye hakuna anayejua alipanda saa ngapi. Njia nzima Papa wa kisima analalamikia springi za nyuma. Ziongezwe jani moja kila upande kabla ya Novemba, na bibi akae mbele.