Waragi nayo imo

Uliza habari za dawa za kulevya hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, utaonyeshwa vijana wanaovuta bangi nyuma ya maegesho ya malori. Hakuna atakayekuonyesha meza iliyo mbele yao, inayouza waragi, pombe kali ya Uganda, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hata mimi nilikuwa sioni. Chapati zangu nanunua pale pale.

Mjomba wangu ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi alianza siku na waragi, ili mkono utulie apate kutunga uzi. Mwaka juzi ukoo ukakaa kikao, akafungiwa chumbani aache. Niliunga mkono, tena kwa sauti. Usiku wa pili akaanza kutetemeka, jasho likamlowesha shati, akawa anafukuza mende tusiowaona. Shangazi akasema ni mapepo. Alfajiri akaanguka kifafa. Tulimpakia kwenye boda, mimi nimemkumbatia kwa nyuma, kichwa chake kikinigonga kidevuni njia nzima.

Nesi hakutaka habari za mapepo. Aliuliza, "Mara ya mwisho amekunywa lini?"

Mwili uliozoea pombe kila siku, ukikatiwa ghafla, ubongo huchachamaa, na mtu anaweza kufa. Kuacha kwake kunataka daktari na dawa, si kufuli. Anayeacha bangi hukosa usingizi na kukasirika ovyo, lakini kuacha kwenyewe hakumuui. Sisemi bangi ni mboga. Kijana anayeianza mapema na kuvuta kila siku anajiweka karibu zaidi na wazimu. Nasema tu kwamba tulikuwa tunalinda mlango usio.

Halafu kuna mirungi. Nguvu yake iko kwenye jani bichi. Likinyauka, kathinoni, ile kemikali inayochangamsha, hupungua, ndiyo maana wanaoisafirisha hukimbia vile. Dereva anatafuna akeshe barabarani, kisha anashushia waragi ili apate usingizi. Wengine hufanya vyote wakiwa bado kwenye usukani, wakidhani kimoja kinafuta kingine. Hakifuti. Mirungi inaficha ulevi tu: macho yako wazi, lakini pombe iko palepale damuni.

Mwezi wa Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia. Bunge likapitisha nyingine mwaka huo huo. Katikati hapo vijana walisherehekea, kana kwamba majaji walikuwa wamelipima jani lenyewe. Waragi haikuwa na haja ya kusubiri hukumu ya mtu.

Na si kila chupa ina kile unachodhani. Mwaka 2010 kule Kabale watu takriban 80 walikufa kwa waragi yenye methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Hiyo haina harufu ya kukushtua, na saa za mwanzo unaweza kudhani umelewa kawaida. Baadaye mwili huigeuza asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Mtu akisema anaona ukungu baada ya kunywa, usimpe maziwa wala kumlaza, mkimbize hospitali.

Mjomba amerudi kwenye cherehani. Kando yake kuna chupa ya chai ya tangawizi. Uzi unaingia tunduni mara ya tatu au ya nne, naye anasingizia miwani.