Kazi Inayobebeka Ilivyoshuka Kitonga

Kazi yangu ni kutafsiri miongozo ya mitambo: jenereta, mashine za kukoboa, pampu za maji. Wateja wako mbali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ninaishi wapi, mradi faili lifike kwa wakati. Kwa hiyo mwenye nyumba wetu wa Tabata alipopandisha kodi na kuitaka ya miezi sita kwa mkupuo, mama watoto alinigeukia. "Si wewe unayesema kazi yako inabebeka? Haya, ibebe twende."

Yeye ni fundi cherehani. Kazi yake nayo inabebeka, ila inabebwa na watu wawili, na mmoja lazima ashike upande wa pedeli.

Nikaitisha kikao cha familia. Wajumbe: mimi, mama watoto, mama mkwe, binti yetu wa darasa la saba na kijana wa darasa la pili. Waalikwa wasio na kura: mbwa Kamanda, paka Bi Mkubwa, na jogoo Mwenyekiti, aliyepata cheo hicho kwa sababu nyumbani kwetu hakuna jambo linaloanza kabla hajawika. Mwenyekiti aliletwa kwa ajili ya Krismasi. Kijana akampa jina kabla maji hayajachemka, na kuku akishapata jina, basi tena, umeongeza mpangaji.

Nilikuwa nimechora jedwali zuri: kodi, maji, umeme, mtandao, shule, hospitali, hali ya hewa. Mama mkwe akavaa miwani, akalipitia lote, akasema, "Baba, hujaandika makaburi. Mimi sizikwi pasipo na kivuli." Nikaongeza safu ya makaburi.

Tukaanza na Moshi. Mama watoto akaikata palepale: "Desemba nusu ya Dar inahamia Kilimanjaro. Sasa wewe utakuwa umeihama Dar au umeitangulia?" Dodoma ilianguka kwa sababu ya kodi, maana tangu Serikali ihamie huko wenye nyumba nao wamejua. Unguja ilianguka kwa sababu ya boti. Tanga ilikaribia kupita: bahari ipo, samaki wapo, watu wake hawana haraka. Nikachomekea kwamba Tanga wanasema waja leo waondoka leo, kwa hiyo tukienda kutazama tu hatufungwi na mtu. Mama mkwe akacheka kwa uchungu. "Uongo mtupu. Shemeji yangu alikwenda kuchukua mshahara wake wa mkonge mwaka wa Azimio la Arusha. Chai yake tulifunika."

Mimi moyo wangu ulikuwa Lushoto. Hewa ya Usambara, mapeasi, plamu, ukungu wa asubuhi. Wajerumani walipapenda wakapaita Wilhelmstal na kukimbilia huko joto la pwani. Lakini ukitoka Mombo kupanda Lushoto ni kona juu ya kona, na Kamanda hutapika hata gari likiwa limeegeshwa. Lushoto ikafa kwa kichefuchefu cha mbwa. Ikabaki Iringa, na hakuna mjumbe aliyeuliza njia ya Iringa inapita wapi.

Kwa maelewano ya awali nikampigia mzee mmoja mwenye nyumba Kihesa. Simu niliiweka spika ili kikao kisikie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mngoni, mzee."

Kimya kidogo, kisha kicheko kikapasuka. "Mngoni unakuja kupanga kwa Mhehe! Babu zako walikuja na mikuki. Wewe unakuja na nini?"

"Na mke, mama mkwe, watoto wawili, paka, jogoo na mbwa."

"Mbwa?"

"Ndiyo, mzee. Mbwa mmoja."

"Ana kilo ngapi?"

Wasomaji wa Tanzania sina la kuwaeleza hapa. Wahehe wametaniwa kwamba wanakula mbwa miaka na miaka na watani wao, sisi Wangoni tukiwa mbele, na siku hizi wameamua kuuanza utani wenyewe kabla hujafungua mdomo. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mzee akaniambia nisiwe na shaka, nije naye tu, "huku kwetu mbwa hawazeeki," nikacheka tena. Binti akacheka. Mama mkwe akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kijana wa darasa la pili, aliyekuwa chini ya meza na Kamanda, hakucheka.

Wanyama tuliondoka nao kwenye safari hiyo ya kutazama nyumba kwa sababu jirani ambaye angewalinda alikuwa amemwangalia Mwenyekiti na kuuliza, "Huyu mnamla lini?" Tukakodi Noah na dereva wake. Mbele nilikaa mimi. Nyuma: mama mkwe na kapu la paka, watoto, Mwenyekiti ndani ya boksi la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu, Kamanda sakafuni, na mama watoto na bunda la sare za shule alizotakiwa kuzimaliza vifungo. Kabla ya Morogoro tukasimamishwa na trafiki. Nilikuwa tayari na kadi ya Kamanda ya chanjo ya kichaa cha mbwa, lakini afande hata hakuitaka. Alichungulia dirisha la kwanza, akachungulia la pili, Mwenyekiti akawika, afande akarudi kwa dereva.

"Wewe hii Noah umeielewa," alimwambia. "Pita haraka kabla mvua haijaanza."

Mikumi barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilometa kama 50, na mama mkwe alitukataza kuongea mwendo wote ili simba wasijue kuna jogoo. Twiga tuliwaona. Mwenyekiti aliwawikia. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu kama kila mtu, halafu mlima wa Kitonga ukaanza.

Sasa elewa hali yangu. Nilikuwa na mwongozo wa pampu ya maji wa kukabidhi saa kumi na mbili jioni hiyohiyo. Kurasa za mwanzo nilikuwa nimeshazituma. Zilibaki za mwisho, na kuandika kwenye gari kunanipa kizunguzungu. Kwa hiyo nilitumia simu. Unatamka, yenyewe inaandika. Nilikuwa kiti cha mbele nikisema kwa sauti ya taarifa ya habari, "Hatua ya kumi na tatu. Kaza nati zote nne kwa mpangilio wa msalaba," na dereva akiitikia "sawa" kila baada ya hatua.

Katikati ya Kitonga tukakuta foleni. Lori lilikuwa limeharibikia kwenye kona huko juu, na nyuma yake yamejipanga ya Zambia, ya Kongo, mabasi, sisi. Upande mmoja ukuta wa jabali, upande wa pili kingo za barabara na korongo. Na juu ya kingo hizo wamekaa nyani, mmoja baada ya mwingine, wakikagua magari kwa utulivu wa maofisa wa mizani. Wamezoea. Foleni ya Kitonga kwao ni sikukuu, abiria hutupa ndizi.

Hapo ndipo Kamanda alipotapika juu ya sare za watu.

Mama watoto alipiga kelele, dereva akafungua ule mlango wa kusukuma ili hewa ipite, wote nyuma wakawa wanafuta. Mimi nikasogea pembeni na simu yangu: "Hatua ya kumi na nne. Fungua vali ya hewa taratibu mpaka..."

Nikamwona dume moja kubwa limeshuka kwenye kingo. Halikukimbia. Lilikuja likitembea, likasimama mlangoni, likainua pua. Begi langu la kompyuta lilikuwa palepale mlangoni, na ndani yake, bila mimi kujua, mama mkwe alikuwa ameweka maandazi, kwa sababu ndilo begi pekee ndani ya gari lisilokuwa na manyoya ya paka. Nyani akapitisha vidole vyeusi chini ya mkanda, taratibu, kama anayechukua kilicho chake, akageuka kuondoka nalo.

Begi likaenda hatua mbili likagoma. Kamba ikakaza. Mwisho wa kamba alikuwa Kamanda.

Hili tulikuja kulielewa baadaye. Tangu ile simu ya mzee, kijana alikuwa hajalala vizuri. Akafanya hesabu zake: baba hawezi kuliacha begi lake, hata msalani huenda nalo, basi atakayemchukua Kamanda awe amechukua na begi, baba atamfuata popote. Akamfunga mbwa kwenye mkanda wa begi, mafundo matatu. Lengo lake lilikuwa kumlinda dhidi ya mzee wa Kihesa. Nyani hawakuwa kwenye mpango.

Kamanda akaburutwa hadi mlangoni akiwa bado na usingizi. Mbwa huyu Tabata aliwahi kumweka fundi umeme juu ya ukuta mpaka magharibi. Alimtazama yule dume. Dume likamwonyesha meno, yote. Kamanda akafikiri kidogo, akaruka chini, akakamata njia ya Ruaha Mbuyuni.

Begi likamponyoka nyani, likapiga lami, likamfuata mbwa. Zipu ikaachia. Andazi la kwanza likatoka likaviringika, la pili, la tatu, na ukoo mzima wa nyani ukashuka kwenye kingo. Tandiboi wa lori la mbele akapayuka, "Mwizi! Mwizi!" Mwenzake akauliza, "Yupi, nyani au mbwa?" Mama mkwe alikuwa tayari chini na kandambili mkononi, akiyapigania maandazi yaliyobaki, akimwambia nyani mmoja kwamba yeye amelea watoto saba na haogopi mtu mwenye mkia. Mwenyekiti anawika bila kupumzika. Bi Mkubwa alifungua jicho moja, akalifumba.

Nami nikashuka Kitonga mbio, ndala miguuni, simu mkononi, nikipita lori baada ya lori, na kila dirisha lina kichwa cha mtu na ushauri wake. "Ongeza mwendo mzee!" "Anakunja kulia huyo!" Mbele yangu nasikia kazi yangu inagonga lami: kota, kota, kota.

Alisimamishwa na tandiboi aliyemnyooshea kipande cha chapati. Nilimkuta chini ya lori la mafuta, begi limekaa ubavuni pake, mdomo umejaa chapati, hana habari na mtu. Nikatoa kompyuta, nikaifungua palepale. Nusu ya juu ya kioo ilikuwa nyeusi, nusu ya chini ina mistari ya kijani na zambarau.

"Pole sana mzee," tandiboi akasema, akiinama kutazama. "Hiyo ndiyo kazi?"

"Ndiyo kazi."

"Inalipa?"

Barabara ilipofunguka jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mtandao ulirudi Ilula, katikati ya matenga ya nyanya, dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Kompyuta haisomeki, macho yamejaa jasho, mama watoto hanisemeshi. Nikachukua maandishi yaliyokuwa kwenye simu, nikayatuma yalivyo.

Iringa tuliingia usiku. Baridi ile ya mita 1,500 na zaidi inakupokea kabla ya mwenyeji. Mzee alisimama getini na koti zito na kofia ya sufu. "Kamwene!" akatukaribisha, akapokea shikamoo zote, kisha akainama moja kwa moja kwa Kamanda, akampapasa mbavu kwa utaalamu.

"Amekonda njiani," akasema. "Huyu tutamnenepesha kwanza."

Kijana akaangua kilio kilichowatoa majirani. Mzee wa watu akachanganyikiwa. Alianza kueleza utani ni nini, akaanzia mbali, kwenye vita vya Wahehe na Wangoni, na kadiri alivyoeleza mikuki ndivyo mtoto alivyozidi kulia. Mkewe akatoka jikoni, akamsema kwa Kihehe kwa muda mrefu bila kuvuta pumzi, akamchukua mtoto na mbwa, akawaweka karibu na jiko la mkaa na maziwa ya moto, kila mmoja na bakuli lake.

Nyumba ilikuwa ya kawaida, vyumba vitatu, maji siku zote isipokuwa siku yasipokuwepo. Jedwali langu sikulifungua. Asubuhi mama mkwe alikuwa ameshakwenda kukagua makaburi na kurudi. Yana miti mikubwa, alisema, mtu unaweza kupumzika. Na tulipotaka kuondoka, Kamanda alilala chini ya mparachichi wa mzee, akakataa kuingia kwenye Noah. Dereva alimjaribu kwa nyama. Aliila akiwa amelala. Tulipojaribu kumbeba alianza kutapika kabla hajaguswa. Mama watoto akaniangalia, akakaa kibarazani, akaendelea kushona vifungo vyake. Mimi na dereva tukarudi Dar kufungasha.

Faili la pampu lilinirudia tukiwa tumeshahamia. Mteja huwa na mhakiki wake wa Kiswahili, yuko Nairobi, mtu makini, sijawahi kumwona. Pembeni mwa hatua ya 13 ameandika "sawa". Hatua ya 14 imechukua ukurasa mzima. Inaanza vizuri: fungua vali ya hewa taratibu mpaka. Baada ya hapo: mama begi mama ana meno huyo mwache shika mbwa shika mwizi yupi ongeza mwendo mzee anakunja kulia jamani kazi yangu pole sana hiyo ndiyo kazi ndiyo kazi inalipa.

Mhakiki ameweka maoni manne. La kwanza linasema vali ya hewa iandikwe vilevile kote. La pili linauliza kama hatua hii imo kwenye mwongozo wa asili, maana ameitafuta. La tatu: "Usiifute kwanza, kuna wenzangu hapa ofisini hawajaisoma." La nne ni fupi: "Mbwa alipatikana?"

Nikamjibu kwamba alipatikana, amepata nyumba Kihesa, na sisi tunaishi kwake.