Michikichi kaipanda yeye, urithi wakachukua wengine

Juzi tulikuwa tunamaliza matanga kijiji kimoja nje kidogo ya Mwandiga, huku Kigoma. Mzee wa ukoo akamgeukia mjane, sote tunasikia: "Shemeji, ahsante kwa kumtunza ndugu yetu. Sasa wewe una kwenu." Shamba la michikichi akapewa kaka wa marehemu. Mama yule aliipanda michikichi ile pamoja na mumewe, akachemsha chikichi na kukamua mawese, na usiku akapasua mise, kokwa za chikichi, ili watoto wapate ada. Mpaka naandika hapa hasira haijaniisha.

Najua nitaambiwa mambo yamebadilika. Sawa, yamebadilika. Tangu 2021 Rais wetu ni mwanamke, na mwaka huohuo wasichana waliojifungua wakaruhusiwa kurudi shuleni. Ila mwaka huohuo pia Taliban walirudi Kabul na wasichana wa Afghanistan wakafungiwa sekondari. Haki ya mwanamke inaweza kutolewa leo na kunyang'anywa kesho.

Na yule mzee hakubuni maneno yake. Tamko la sheria za kimila la 1963, Tangazo la Serikali namba 436, linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kutunzwa! Mtu aliyelisha nyumba nzima! Wajane wawili walilipeleka jambo hili Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba kanuni hizo zinabagua, ikakataa kuzifuta. Wakafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao, irekebishe sheria. Miaka ikaendelea kupita, tamko liko palepale.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, mke anayeachika huhesabiwa hata kazi za nyumbani kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Aliyevumilia mpaka kifo ndiye anayefukuzwa mikono mitupu. Na ndugu zangu Waislamu wa Ujiji mnaokimbilia mila penye mirathi, Qur'ani inampa mjane thumuni, yaani moja ya nane, marehemu akiacha watoto, na robo asipoacha. Mila mnaifuata kwa idhini ya nani?

Hofu ya wazee kwamba mjane ataolewa kwingine na shamba la ukoo lipotee, naielewa. Lakini watoto wa marehemu wapo, na shamba linaweza kubaki lao huku mama yao akilisimamia na kula jasho lake. Hofu hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumtoa mama nyumbani kwake.

Wanaume wenye michikichi, mkiwa bado hai, andikisheni hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina mawili, la mume na la mke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu. Nanyi wabunge wetu wa Kigoma, tunataka kusikia mmesimama bungeni na kudai tamko la 1963 lifutwe.