Kikohozi kiachwe hapo hapo

Kaka yangu alikuwa mgumu. Kwa asiye wa huku, mgumu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, yule anayembebea mgeni mizigo mpaka kambini huku mgeni akihangaika na chupa yake ya maji. Wageni wakishuka geti la Marangu, mbali na tipu huacha vitu: buti, glavu, koti lenye matope ya Horombo. Mwaka 1996 Mjerumani mmoja alimwachia wokimeni ikiwa na kaseti ndani, TDK ya dakika 90. Lebo iliandikwa kwa wino wa kijani: LA 21/6/77, halafu namba 1 ndani ya duara. Jina la bendi halikuwepo.

Tuliisikiliza wawili wawili, kila mtu na sikio lake. Kilichotangulia hakikuwa muziki, ni watu. Wanapiga mluzi, wanaitana, mmoja yuko karibu kabisa na maiki anacheka. Kisha gitaa likaingia na ngoma nyuma yake, nzito mno, nikajua huyu mpigaji anapiga kwa mwili mzima. Betri zikichoka tulizing'ata na kuzianika juani. Tepu ikilegea tuliizungusha kwa kalamu ya Bic. Dakika ya 45, katikati ya kinanda, upande wa A ukakatika. Kaseti namba 2 na wenzake zilirudi Ulaya kwenye begi la mwenyewe. (Upande wa B una habari zake, nitaufikia.)

Nilikaa miaka 13 na tamasha lisilo na mwisho. Mwaka 2009, kwenye intaneti kafe moja karibu na Mnara wa Saa hapa Moshi, nikaiandika tarehe ile na jibu likaja: Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, ukumbi wa Forum, Los Angeles, usiku wa kwanza kati ya sita waliopiga hapo mwezi huo. Ngoma zile ni za John Bonham, aliyefariki 1980. Aliyerekodi ni mtazamaji tu, Mike Millard. Ili apite na rekoda yake ya Nakamichi, dude kubwa na zito, aliingia ukumbini kwa kiti cha magurudumu huku miguu yake ni mizima, mashine imefichwa chini yake. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye kafe akageuka kuniangalia.

Tangu siku hiyo nakusanya rekodi za magendo, yaani matamasha yaliyorekodiwa na watazamaji bila ruhusa. Nasema magendo kwa sababu sijaona neno zuri zaidi, na sisi wa Kilimanjaro halitushtui sana. Kuna kahawa iliyovuka mpaka wa Tarakea usiku ikasomesha watoto. Jamaa yangu mmoja huniambia, "Mangi, albamu safi zipo, we unasikiliza watu wanakohoa?" Ndiyo. Nasikiliza watu wanakohoa.

Maana hiyo albamu safi mara nyingi imefanyiwa ufundi. Mwaka 2003 Led Zeppelin walitoa How the West Was Won, matamasha ya California ya 1972. Tamu kweli. Lakini ni usiku wa 25 Juni na wa 27 Juni, kumbi mbili tofauti, vikashonwa pamoja ili usikie kama usiku mmoja. Usiku huo haukuwahi kuwepo! Au chukua Queen, bendi ya yule mtoto wa Mji Mkongwe, Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamwita Freddie Mercury. Tamasha lake la mwisho na wenzake lilikuwa Knebworth, Uingereza, 9 Agosti 1986. Desemba ya mwaka huo ikatoka Live Magic, sehemu kubwa ikiwa ya usiku ule ule, lakini nyimbo zimepunguzwa, na Bohemian Rhapsody imekatwa kipande chote cha opera. Ukitaka kuukaa usiku ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, unakwenda kwa mtu aliyesimama kwenye umati akiwa na rekoda mfukoni. Sauti yake ni mbovu, inavuma kama jiko la mchina, lakini hajakata kitu.

Sasa, wizi. Sitajifanya sina doa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda pia mwenye kuimba jukwaani, na Millard hakumwomba ruhusa mtu. Ila natenganisha mambo mawili. Anayerudufu albamu iliyoko dukani na kuiuza nusu bei anakula jasho la mwenzake mezani kwake. Mimi natunza kitu ambacho hakijawahi kuuzwa na mwenyewe, na sikiuzi. Sheria ya wakusanyaji ndiyo hiyo: tunabadilishana, hatuuzi. Pia hatubani faili kuwa MP3 ili ziwe ndogo, jambo linaloniumiza mfukoni, maana tamasha la saa tatu linamaliza kama GB nzima ya kifurushi cha usiku. Waliochukua kazi ya Millard wakaibandikia jalada na kuiuza, hao siwatetei.

Na wapo wanamuziki waliolitazama jambo hili kwa utulivu. Grateful Dead waliwaacha watu warekodi, na mwaka 1984 wakawatengea eneo lao ukumbini. Wengine wamechelewa lakini wamefika: Desemba 2025, Pink Floyd walipoadhimisha miaka 50 ya albamu yao Wish You Were Here, walitia kwenye toleo lao rasmi tamasha la Los Angeles la 26 Aprili 1975. Nani alirekodi? Millard yule yule. Alifariki 1994, hakuiona siku hiyo.

Linaloniuma hasa liko nyumbani. Bendi zetu za dansi zilirekodi Radio Tanzania, na tunashukuru, bila kanda zile tusingekuwa na zilipendwa za kupiga Jumapili. Lakini ile ni studio. Waliokuwa wakienda ukumbi wa DDC Kariakoo kuwaona Mlimani Park wanasimulia chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayokwenda kasi, lililokwenda mpaka mashati yakalowa, mwimbaji akitaja majina ya waliokaa mbele. Kila nikikutana na mzee wa enzi hizo namuuliza: hukuwa na redio kaseti? Alikuwa nayo. Aliiacha nyumbani, isiibiwe.

Upande wa B basi. Mwaka 1998 Mama alihitaji kaseti tupu Jumapili ya mavuno, hakuipata, akachukua yangu. Vile vidude vya juu vya kuzuia kufuta vilikuwa vimevunjwa. Akaziba matundu kwa selotepu, akaiweka redio kaseti kwenye benchi la pili la usharika na kubonyeza kitufe chekundu. Kilichokuwa humo kikafutika. Nilimnunia wiki nzima, akaniuliza kama hao wazungu wananilipia ada.

Mwaka jana nilizihamishia pande zote mbili kwenye kompyuta. Upande wa A ninao kwa ubora mkubwa kuliko ule, kila mkusanyaji duniani anao. Upande wa B uko kwangu tu: kwaya, mvua juu ya bati, mnada wa mikungu ya ndizi, jogoo wa sadaka anayewika kwenye beti ya tatu, na mzee mmoja aliyekuwa akiitikia "Amina" kabla mchungaji hajamaliza. Mzee huyo alizikwa 2004. Mkewe aliiomba ile sehemu, nikampelekea kwenye flashi, akairudia mara nne bila kusema neno.

Habari zimesambaa, wanakwaya wa zamani wananipigia. Wiki iliyopita mama mmoja wa sauti ya pili aliomba nimfutie kikohozi chake kabla sijawagawia wengine, maana kimeingia katikati ya solo ya mwenzake na wajukuu wanamcheka.

"Shikamoo mama," nikamwambia, "hicho siwezi kukifuta."

Amesema atanishtaki kwa Mama.