Nyigu wa upenuni: kuwaondoa au kuwaacha?

Mjini Tanga na vitongojini mwake, kuanzia nyumba za mabati za Ngamiani hadi zilizoezekwa makuti upande wa Chongoleani, si ajabu kukuta kiota cha nyigu kimening'inia chini ya upenu au kwenye pembe ya boriti. Wenye nyumba wengi hutaka kiondoke siku hiyo hiyo, na aghalabu hukimbilia moto: kitambaa kilicholowekwa mafuta ya taa hufungwa kwenye ncha ya mti, kikawashwa na kuinuliwa hadi kwenye kiota. Wengine husema mdudu huyo hana ugomvi na asiyemgusa, na kwamba kumchokoza ni kujitafutia balaa. Kila upande una hoja, ila nionavyo mimi cha kutazamwa kwanza ni mahali nyigu alipojenga.

Hofu ya wanaotaka aondolewe ina msingi. Mwiba wa nyigu haunasi mwilini kama ule wa nyuki, kwa hiyo nyigu mmoja anaweza kuuma mara kadhaa, na kundi likitikiswa hutoa harufu inayowachochea wenzao kushambulia. Kiota kilicho juu ya mlango, karibu na kamba ya kuanikia nguo au mahali watoto wanapochezea mpira, kitatikiswa tu, leo au kesho. Tena wapo watu ambao miili yao haivumilii sumu hiyo: akiumwa, midomo na ulimi huvimba, pumzi hubana, kizunguzungu humshika, pengine yote hayo ndani ya dakika chache. Huyo hapakwi siki wala kitunguu. Hukimbizwa hospitali, kwa kuwa anahitaji kudungwa adrenalini mara moja. Nyumba yenye mtu wa namna hiyo haina haja ya mjadala. Kiota kilicho karibu naye kiondolewe.

Hata hivyo, hoja ya wanaotaka nyigu waachwe ni nzito kuliko inavyosikilizwa. Atakayekaa asubuhi karibu na tuta la mchicha ataona nyigu akipita jani baada ya jani, akimkamata kiwavi, akimtafuna mpaka akawa donge la kijani, kisha akiruka nalo kwenda kulisha mabuu kiotini. Kiota kimoja chenye mabuu wengi huhitaji nyama hiyo kila siku. Sidai kwamba nyigu wa upenuni watawamaliza viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017 na kuhangaisha wakulima wa mahindi, lakini mwenye bustani anayewaua ovyo anajipunguzia wawindaji asiowalipa. Nyigu wa udongo naye ananihuzunisha zaidi, kwa sababu huuawa bila kosa. Huyu huishi peke yake, hujenga vijumba vya matope ukutani na kuvijaza buibui aliowapoozesha kwa ajili ya mtoto wake, wala hana desturi ya kukilinda kiota kwa kushambulia watu. Anachoharibu ni rangi ya ukuta tu.

Tahadhari moja kuhusu ushauri unaosambaa mitandaoni. Mwingi umeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwenye nyigu wenye milia ya njano na nyeusi ambao mara nyingi hujenga chini ya ardhi, wakafikia maelfu, kisha baridi kali ikawaua wote isipokuwa malkia wachanga. Huko, kusubiri baridi ni shauri zuri. Pwani yetu haina baridi hiyo, na anayesubiri hapa huenda akakiona kiota kikiongezeka ukubwa.

Kwa hiyo, kilicho juu mwembeni, mbali na mapito ya watu, kiachwe. Kilicho mlangoni kiondolewe, tena mapema. Kikiwa bado na vitundu vichache na nyigu mmoja au wawili, fagio lenye mpini mrefu linatosha. Kikishakua, afadhali kazi ifanyike usiku, nyigu wakiwa wametulia, kwa kuwarushia maji yenye sabuni nyingi, ambayo huziba matundu yao ya kupumulia. Tochi iwekwe kando, isishikwe mkononi, kwa maana wanaoruka hufuata mwanga. Anayetumia dawa ya kupuliza achague iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani na asome maelekezo. Dawa ya shambani haina nafasi juu ya vitanda na vyungu vya watu. Moto sioni udhuru wake hata kidogo, kwani makuti makavu yakishika, kwa upepo wa baharini, nyumba ya jirani nayo imo hatarini. Kiota kikishaanguka, kikonyo chake kikwanguliwe na mahali hapo pakaguliwe wiki zinazofuata, maana walionusurika huweza kujenga palepale. Na kikiwa juu kiasi cha kuhitaji ngazi, aitwe mtu mwenye mavazi ya kujikinga, kwa sababu anayeumwa akiwa ngazini huachia mikono, na kuanguka huko kunaweza kumdhuru kuliko sumu yenyewe.